Nishikie Kipindi

Katika Idara ya Uhandisi Mitambo kulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa na kila mtu, na haikuandikwa popote. Pengine ndiyo sababu ilifuatwa. Mwenzako akisimama mlangoni akakwambia "nishikie kipindi," unachukua chaki unakwenda. Huulizi kwa nini, wala huulizi mpaka lini. Unauliza ukumbi gani na wamefika wapi, basi.

Sheria hiyo ilisababishwa na mkaguzi wa vipindi, mtu ambaye chuo kilimwajiri azunguke kwenye kumbi za mihadhara kuangalia kama kuna mwalimu ndani. Walimu walimwita Chungulia. Alivaa viatu vya raba visivyotoa sauti, na shingo yake ilikuwa na urefu unaofaa kazi hiyo. Alichungulia dirishani, akiona mtu mzima amesimama mbele ya ubao, anaweka alama yake na kwenda zake. Kama mtu huyo ni mwenye somo au ni fundi bomba aliyekuja kutazama unyevu wa ukuta, hilo halikumhusu. Kosa lilikuwa ukumbi mtupu. Kwa hiyo idara ilihakikisha kumbi hazikai tupu, utawala ukahakikishiwa kwamba mambo ni shwari, na kila upande ukaridhika na mwenzake.

Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo, mpana wa mabega, mchache wa maneno, mwalimu wa somo la uimara wa vyuma. Maabara yake ilikuwa na mashine kubwa ya kuvuta nondo mpaka zikatike, na katika miaka yake ya kazi alikuwa amezikata nyingi kiasi kwamba wanafunzi walimwita Mama Nondo: kwanza kwa siri, baadaye kwa heshima, mwishowe jina likapenya hadi kwenye barua za utawala.

Ofisi yake aligawana na mwalimu wa somo la joto, mtu mwembamba, mcheshi, ambaye chuo kizima kilimwita Shemeji. Siku yake ya kwanza kazini alimfananisha katibu muhtasi na mdogo wa mkewe, akamwamkia "shemeji, habari za nyumbani," katibu akaitika kwa adabu, na jina likaganda. Maprofesa walimwita Shemeji. Walinzi wa getini walimwita Shemeji. Na kwa kuwa mtu hawezi kuwa shemeji hivihivi, bila dada, mke wake, mwalimu wa chekechea asiye na undugu na mtu yeyote pale, akawa Dada wa idara nzima.

Walianza kazi mwaka mmoja, wakapewa meza mbili zinazotazamana, wakazeeka wakitazamana. Mwaka ule mume wa Mama Nondo alipougua, ukawa ugonjwa wa kushinda na kulala hospitali, Mama Nondo alisimama kwenye mlango wa ofisi yao wenyewe akasema, "Nishikie."

"Ukumbi gani?" Shemeji aliuliza. "Wamefika wapi?"

Alimshikia mpaka mazishi, na baada ya mazishi akaendelea kumshikia bila kuambiwa. Mtu wa joto alijisomea uimara wa vyuma kurasa chache mbele ya wanafunzi wake, akaendesha mashine asiyoijua, na akarudisha kila kitu mahali pake isipokuwa koleo moja ambalo mpaka leo halijaonekana. Mama Nondo aliporudi, akiwa mjane, alikuta hata chaki zake zimepangwa kwa urefu. Hakusema asante. Walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu mno kuambiana neno kama hilo bila kuoneana haya.

Sasa basi. Muhula wenyewe ulianza kama mihula mingine, yaani vibaya. Wanafunzi walikuwa wameongezeka mpaka wengine wakawa wanakaa madirishani. Nafasi za waliostaafu hazikuzibwa. Utawala ulisema suala hilo linafanyiwa kazi, na kwa kweli lilikuwa limefanyiwa kazi nyingi kuliko waliyofanya walimu wenyewe. Mkuu wa idara aliitwa Kaimu, kwa kuwa alikuwa akikaimu tangu enzi ambazo hakuna aliyekumbuka anamkaimia nani. Kila mwalimu alibeba masomo ya watu wawili, akasahihisha mitihani ya watu watatu, na akiulizwa hali alijibu "nipo," jibu ambalo lilikuwa la kweli kabisa.

Asubuhi moja Shemeji aliinua uso kutoka mezani.

"Nishikie ya saa nne."

"Wamefika wapi?"

"Mwanzo mwanzo tu. Joto linahama. Waeleze linakohamia."

Mama Nondo akaenda. Joto hakuwa amelifundisha maishani, lakini alikuwa na deni moyoni ambalo hakuwahi kujua alilipe vipi, na akafurahi, kwa namna yake isiyoonekana usoni, kwamba hatimaye pamepatikana pa kuanzia. Wiki ile Shemeji akaomba tena. Wiki iliyofuata akaomba yote.

Ndipo siku moja Mama Nondo, akitoka maabara, alimwona Shemeji amesimama nje ya ukumbi, mkono kwenye kitasa. Ndani kelele za wanafunzi zilikuwa zikipungua, kama zinavyopungua wanapohisi mwalimu yuko karibu. Shemeji hakufungua. Alikishika kitasa kile kama mtu aliyebeba sufuria ya moto akitafuta pa kuitua. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Mlango umekwama?" Mama Nondo aliuliza.

"Hapana."

"Basi?"

Shemeji aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Nishikie," alisema.

Alimshikia. Aliporudi ofisini alimkuta mwenzake amekaa, anapanga vibanio vya karatasi mstari mmoja, na akaivunja sheria.

"Una nini, Shemeji?"

"Nimechoka tu."

"Si ukachoke nyumbani?"

"Nyumbani nichokee mbele ya nani? Dada yako anajua ameolewa na mwalimu."

"Na hospitali?"

"Nikawaambie nini? Daktari, naumwa mlango?"

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kikawaokoa na kazi ya kuendelea kuzungumza. Kisha uso wa Shemeji ukabadilika.

"Dada asijue. Nakuomba sana. Muhula ukiisha nitapumzika, nitakaa sawa."

"Sawa," alisema Mama Nondo. Kwa kuwa mtu hawezi kuishia hapo, akaongeza, "Jikaze."

Ni neno jepesi hilo. Hupewa wafiwa, hupewa waliofeli, hupewa wanaosubiri majibu ya vipimo. Anayelitoa hapungukiwi na kitu. Mama Nondo alikuwa mtu wa mikazo kwa taaluma. Ungempa kipande cha chuma angekwambia kinakaza kiasi gani na kitaachia wapi, na asingekuruhusu ukitundike juu ya kichwa cha mtu kabla hajakipima. Lakini kwa rafiki yake alilitoa neno hilo bila kupima chochote.

Kuanzia hapo Shemeji alikuwa akiondoka kwake kila asubuhi na mkoba, anafika ofisini, anakaa. Kuandika aliweza. Jioni alimwandalia Mama Nondo mhadhara wa kesho yake kwa mwandiko mzuri, wa kulala kidogo, na pembeni aliweka maelekezo: hapa wape mfano wa friji, hapa nyamaza kidogo wakuwahi, hapa waambie kile kichekesho cha birika. Mama Nondo alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Alifika penye birika, akasema kichekesho cha birika neno kwa neno, kwa sauti ileile anayotumia kutangaza tarehe ya mtihani. Ukumbi ulikaa kimya. Wanafunzi wawili wa mbele wakakiandika.

"Walicheka?" Shemeji aliuliza aliporudi.

"Kidogo."

Hiyo ndiyo sehemu pekee ya siku iliyomfanya atabasamu, kwa hiyo vichekesho vilichekesha muhula mzima.

Mzigo ulipomwelemea, Mama Nondo aliwaomba wenzake. Mwalimu wa michoro alichukua kipindi kimoja. Mwalimu mwingine, ambaye bado aliitwa Mpya ingawa nywele zilikwisha kuanza kumkimbia, alichukua kingine. Hawakuuliza kwa nini. Waliuliza ukumbi gani na wamefika wapi. Idara haikuwahi kufanya kazi kwa umoja namna ile. Hata Kaimu, aliyejua kila kitu kwa kutokuuliza chochote, alisema kikaoni kwamba anaona ari mpya. Nyumbani, binti yake Mama Nondo, aliyekuwa karani wa benki na mwenye ulimi wa karani wa benki, alimtazama mama yake amesinzia juu ya kitabu cha joto, akasema, "Mama, hiki si chako. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo."

"Kama yupo, akichukue."

"Kuna vitu huvielewi," alisema Mama Nondo, ambayo ndiyo njia ya wazazi kukiri kwamba wameulizwa swali la maana.

Halafu Dada akapiga simu. Ilikuwa mchana, Mama Nondo yuko maabara, nondo iko kwenye mashine tayari kuvutwa, wanafunzi wamezunguka.

"Mwalimu, samahani, nakusumbua."

"Hunisumbui, Dada. Sema."

"Huyu mwenzio huku halali. Anakaa tu kitandani anatazama ukuta. Chakula anakisogeza sogeza. Nikimuuliza ananiambia kazi. Ni kazi kweli?"

Mama Nondo aliwapa wanafunzi mgongo.

"Kazi zimebana muhula huu, Dada. Sote tuko hivyo hivyo."

"Na darasani anaingia vizuri?"

Hapo palikuwa na nafasi. Haikuwa kubwa, lakini neno moja lingepenya. Mama Nondo alifikiria ahadi aliyompa Shemeji, akafikiria yule mtu aliyempangia chaki zake kwa urefu bila kumuuliza kitu.

"Vipindi vyake vyote vinafundishwa," alisema. Alikuwa na kawaida ya kusema kweli, na alichagua ile iliyokuwa karibu.

"Haya. Kama kuna jambo utaniambia?"

"Nitakwambia."

Akakata simu, akageuka, akawasha mashine. Wanafunzi walisema baadaye kwamba siku ile aliikata nondo bila kueleza lolote, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Muhula ukaisha. Katikati ya usahihishaji, wakati ambapo kila mwalimu alikuwa na marundo ya mitihani mpaka chini ya kitanda, utawala uliitisha semina ya siku nzima juu ya Ustahimilivu na Ustawi wa Wanataaluma, na mahudhurio yakawa ya lazima. Watu ambao hawajalala waliketi kwenye viti vya plastiki kufundishwa umuhimu wa kulala. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu, suti imembana kiasi cha kumtia mtu wasiwasi, aliyewaita wote "wapendwa" na akamgawia kila mmoja rababendi, ule mpira mdogo wa kufungia noti.

"Vuta," alisema. "Achia. Mmeona? Ukivutwa, unarudi. Huo ndio ustahimilivu, wapendwa."

"Ukivutwa kiasi gani?" aliuliza mwalimu wa michoro.

"Kiasi chochote."

Ukapita mnong'ono kwenye safu za wahandisi, kama mtu amekufuru.

"Si kweli," alisema Mama Nondo kutoka kitini. "Ina ukomo wake. Ukiupita, hairudi. Na hata usipoupita, ukiivuta mara nyingi inakatika vilevile, tena kwa mvuto mdogo tu."

"Mama yangu, hapa tunajaribu kufikiri kwa namna chanya."

"Ndiyo chanya yenyewe. Imepimwa."

"Inategemea na joto la chumba," alidakia Mpya.

"Na umri wa mpira," alisema mwingine.

"Daktari," Kaimu alimwambia Mama Nondo kwa upole, "mwache mgeni amalize, chai inapoa."

Lakini haikuwezekana tena. Mtu mmoja alikwenda ubaoni, mwingine akamfuata kumsahihisha, na kwa muda mrefu kitivo kizima kilijadili uchovu wa mpira kwa furaha ambayo haikuwa imeonekana pale mwaka ule wote. Mwezeshaji aliketi, akanywa maji. Shemeji alikuwa kando ya dirisha. Alikuwa ameizungusha rababendi yake kwenye kidole, tena na tena, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi, na akawa anaitazama. Hakuna aliyemwona. Walikuwa wanajadili uchovu.

Kisha Naibu Mkuu wa Chuo akasimama kutoa zawadi. Alisema mwaka huu chuo kimeamua kumtambua mhadhiri mmoja ambaye ni mfano hai wa ustahimilivu. Mhadhiri mwenye darasa kubwa kuliko yote kitivoni, ambaye katika muhula mzima ukumbi wake haukukutwa mtupu hata mara moja. Chungulia, aliyekaa nyuma, alitikisa ile shingo yake kuthibitisha. Jina likatajwa, lile la kwenye vyeti, na watu wakachukua muda kidogo kung'amua kwamba ni Shemeji.

Mwalimu wa michoro alimtazama Mpya, Mpya akamtazama Mama Nondo, na wote watatu, Mungu awasamehe, walitabasamu. Ni nadra mtu kuiona kazi yake ya siri ikipewa makofi.

Zawadi ilikuwa chupa ya chai yenye nembo ya chuo. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili. Mwezeshaji, aliyepata uhai tena, alimwekea maikrofoni mdomoni.

"Dokta, wapendwa wanataka siri yako. Umewezaje?"

Mbele yake kulikuwa na ukumbi, na ukumbi ulikuwa umejaa nyuso. Mama Nondo aliona jasho linamwanza kwenye paji la uso. Alijua anachopaswa kufanya, maana hakikuwa kigumu: kusimama, kwenda pale mbele, kumshika mkono na kusema Shemeji hajisikii vizuri, tunaomba radhi. Alitanguliza mguu mmoja. Akawaza, nikisimama watajua. Kabla hajaamua ni kitu gani hasa watakachojua, na kina ubaya gani, Shemeji alikwisha kusema.

"Sina siri," alisema taratibu. "Sijafundisha. Hata kipindi kimoja."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ndiye Shemeji huyo, watu walisema, hakuna kama yeye kwa vichekesho. Naibu Mkuu wa Chuo alijifuta macho, akasema chuo kinahitaji watu wanyenyekevu kama hawa. Makofi yakapigwa. Shemeji alimtafuta Mama Nondo kwa macho katikati ya watu wote wale, akampata. Mama Nondo alikuwa anapiga makofi.

Chai ilipotangazwa Shemeji alitoka. Mama Nondo alidhani amekwenda chooni, kisha akadhani amekwenda nyumbani, na kudhani kulimtosha mpaka jioni, Dada alipopiga simu kuuliza kama semina bado.

Shemeji alikutwa na mfagiaji kwenye ukumbi wa somo la joto, amekaa safu ya katikati kama mwanafunzi, chupa ya chai mapajani. Aliulizwa, hakujibu. Alisimamishwa, hakusimama. Chungulia alieleza baadaye, bila ubaya wowote, kwamba yeye alipita pale mapema, akachungulia, akaona mwalimu yumo ndani, akaendelea na safari.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kuchoka, pengine naye alikuwa akibeba zamu za watu wawili. Aliwaketisha wake wawili, mmoja wa mgonjwa na mwingine wa marehemu, kwenye benchi moja.

"Hali hii imeanza lini?"

"Leo," alisema Dada. "Asubuhi alitoka mzima kwenda kazini. Amepewa zawadi."

Daktari akamgeukia Mama Nondo, kwa kuwa madaktari hujua nani amekaa kwenye ukingo wa benchi.

"Tangu muhula ulipoanza," alisema Mama Nondo. "Hajaingia darasani. Akifika mlangoni anashindwa. Tulikuwa tunamshikia vipindi."

Dada hakupaza sauti. Aliongea kama anavyoongea mwalimu wa chekechea na mtoto anayetaka aelewe vizuri.

"Nilikupigia simu."

"Ulinipigia."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza, Dada."

"Usiniite Dada." Alikunja leso yake, akaikunjua. "Vipindi mlivishika vyote. Yeye alishikwa na nani?"

Mama Nondo alikuwa na maelezo, mengi tu, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililofika mdomoni.

Daktari alisema ugonjwa huu una jina, una dawa, na una watu wa kuzungumza na mgonjwa mpaka njia ionekane. Alisema angeletwa mwanzoni angekuwa na kazi rahisi zaidi. Alisema wasikate tamaa, ila pia wasimsubiri yule wa zamani.

Na kweli yule wa zamani hakuja. Shemeji alilala wodini wiki kadhaa, kisha kaka yake mkubwa alikuja na gari akawachukua, yeye na mkewe, kwenda kuishi mji mwingine. Habari zilifika kwa vipande. Anakula. Anamwagilia bustani ya kaka yake, hata mvua ikinyesha. Kuna siku anaongea mpaka jioni, kuna siku haongei. Mama Nondo alipiga simu mara nyingi. Mwanzoni haikupokelewa, baadaye ikapokelewa na kaka, aliyesema kwa heshima kwamba mgonjwa amepumzika, na kwamba mke wake ameomba watu wa chuo wampe nafasi. Meza ya mkabala ilitolewa vitu vyake na mtu wa stoo. Kwenye droo ya chini, chini ya vibanio vya karatasi, hakukuwa na kitu.

Muhula mpya ulipokaribia, Kaimu alisimama mlangoni.

"Joto utaendelea nalo, au siyo? Wewe umeshalizoea."

"Siendelei."

"Basi tumwambie Michoro."

"Nimeshaongea na Michoro. Na Mpya. Hatushiki."

Kaimu alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Chungulia ataukuta ukumbi mtupu."

"Ndiyo."

"Itaandikwa kwamba idara haina mwalimu wa joto."

"Haina," alisema Mama Nondo.

Kaimu alimtazama. Alikuwa mtu mwema, aliyefika alipofika kwa kutogusa kitu. "Utaniponza, Daktari," alisema, lakini hakutoa amri, maana kutoa amri pia ni kugusa.

Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za idara ukumbi ulikaa bila mwalimu. Chungulia alichungulia, akazunguka, akachungulia upande wa pili, kisha akaja ofisini kwa Mama Nondo, si kwa kulaumu, ila kama mtu aliyepotelewa. "Mle ndani hamna mtu mbele," alisema. "Hamna," alijibiwa. Akaenda kuripoti. Na ile nafasi iliyokuwa ikifanyiwa kazi miaka nenda miaka rudi ilipatikana kabla wiki haijaisha. Akateuliwa mwalimu, kijana mwenye sifa zote, aanze Jumatatu. Mama Nondo alipoisoma taarifa hiyo kwenye ubao wa matangazo aliisoma mara mbili. Kwa hiyo iliwezekana. Ilikuwa inasubiri tu ukumbi mmoja uonekane mtupu.

Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya kijana huyo kuanza, alikwenda mwenyewe kule ukumbini, mikono mitupu. Wanafunzi walikuwepo, kwa mazoea, wakipiga soga. Walipomwona waliketi, kalamu zikatoka.

"Wekeni kalamu," alisema. "Sikuja kufundisha. Mwalimu wenu wa joto ni mgonjwa. Harudi. Muhula uliopita wote alikuwa mgonjwa, na sisi tulikuwa tunajua, tukawa tunaingia kwa zamu ili asionekane hayupo. Ilikuwa haki yenu kuambiwa, na yeye ilikuwa haki yake zaidi kusaidiwa. Ni hayo."

Hakuna aliyeonyesha kushangaa, na hilo ndilo lililomshangaza. Walitazamana, halafu wakatazama chini. Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono.

"Mwalimu, hata sisi tulikuwa tunajua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba anaumwa. Alikuwa anakaa kwenye benchi nyuma ya maktaba, mchana, analia. Sisi njia yetu ya hosteli ni ile. Tukawa tunazunguka kule kwenye uwanja, asituone tunamwona."

"Wote?"

"Tuliambizana," alisema mvulana mmoja wa dirishani. "Watu wakaacha kupita."

Mama Nondo alishika ukingo wa meza.

"Mbona hamkusema?"

Msichana alifikiri, akitafuta namna ya kujibu bila kumkosea mtu mzima adabu.

"Tulidhani ninyi mnalishughulikia, Mwalimu. Tuliona mnamjali."

Nje mtu alipita na viatu visivyo na sauti. Kivuli kilisimama dirishani, kikaondoka. Muda wa kipindi ulikuwa bado mrefu, na hakuna aliyeinuka. Mama Nondo alivuta kiti cha mwalimu, ambacho kwa miaka yote hakuwahi kukikalia akiwa mbele ya darasa, akaketi.

"Haya," alisema. "Niambieni mlichokiona."

Wakaanza, mmoja baada ya mwingine, na yeye akawa anauliza.